Kusafirisha Bunduki na Risasi kwa Gari Kwenda Mawindoni: Mwongozo kwa Wawindaji wa Mwanza na Kando ya Ziwa

Mwindaji anayeondoka Mwanza kwenda Meatu, Bunda au Biharamulo humfikiria sana mnyama na kidogo sana barabara, ilhali ni humo barabarani, kabla hajaona hata alama ya kwato, anamokutana na watu wengi wenye mamlaka ya kumuuliza maswali: askari wa usalama barabarani, polisi wa vizuizi, askari wa uhifadhi getini, wasimamizi wa vivuko. Leseni ya bunduki humruhusu kumiliki silaha fulani, na leseni ya uwindaji humruhusu kumpiga mnyama fulani katika eneo fulani. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayosema kwamba bunduki inaweza kukaa vyovyote vile ndani ya gari, mikononi mwa yeyote, na kupita popote. Mwongozo huu unahusu saa hizo za katikati, tangu silaha inapotoka kabatini nyumbani hadi inapofika kambini, na tena wakati wa kurudi. Nimemfikiria zaidi mkazi wa Kanda ya Ziwa mwenye bunduki yake na gari lake. Mgeni wa uwindaji wa kitalii huwa na kampuni inayomshughulikia mambo haya, ingawa naye hatapoteza kitu akijua kinachofanyika kwa niaba yake.

Sheria zinazoisindikiza bunduki njiani

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015, ndiyo inayotawala umiliki na ununuzi wa silaha za moto nchini, na Jeshi la Polisi ndilo linalosajili silaha na kutoa leseni zake. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, ndiyo inayosema nani awinde, mnyama gani, wapi na kwa njia ipi, na katika mapori ya akiba utamkuta msimamizi wake akiwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, yaani TAWA. Kisha ipo Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, ambayo wawindaji wengi hudhani haiwahusu kwa kuwa hawawindi hifadhini. Inawahusu sana. Kupatikana na silaha ndani ya hifadhi ya taifa bila ruhusa ni kosa linalojitegemea, hata kama hakuna mnyama aliyeguswa na hata kama bunduki yenyewe ina leseni isiyo na dosari. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori kinaweka katazo la namna hiyo kwa mapori ya akiba, kwamba mtu asiingie na silaha wala asikutwe nayo humo bila ruhusa ya maandishi aliyoipata kabla.

Nyuma ya sheria hizo imekaa Sheria ya Uhujumi Uchumi, Sura ya 200. Kumiliki silaha au risasi bila leseni, na kukutwa na nyara za serikali kinyume cha sheria, ni makosa yaliyoorodheshwa katika jedwali la sheria hiyo, na ndiyo maana mtu aliyekamatwa na gobole la babu yake husomewa mashtaka ya uhujumi uchumi, jambo linalowashangaza ndugu zake waliokuja mahakamani wakidhani ni suala la faini ndogo. Gobole ni silaha ya moto kama nyingine. Umri wake, kutu yake na ukweli kwamba limetengenezwa kijijini haviliondoi katika takwa la leseni, wala mtu asilipakie garini kwa kisingizio kwamba ni urithi wa ukoo.

Nyaraka zikae mbele, bunduki ikae nyuma

Kabla ya kupakia chochote, kaa mezani na bunduki yako pamoja na leseni yake, usome namba iliyochongwa kwenye chuma, kisha uilinganishe tarakimu kwa tarakimu na ile iliyoandikwa kwenye leseni. Kosa la tarakimu moja lililofanywa na karani miaka iliyopita halitakusumbua nyumbani, lakini litakusumbua sana kwenye kizuizi cha usiku ambapo askari ana tochi mkononi na hana sababu ya kukuamini. Ukiliona kosa hilo, safari iahirishwe hadi ofisi iliyotoa leseni ilirekebishe. Tazama pia kama leseni bado iko ndani ya muda wake, na kama aina na kaliba ya silaha, yaani kipenyo cha mtutu wake, zimeandikwa sawasawa.

Leseni ya uwindaji nayo isomwe yote, si jina la mnyama tu. Inataja mwenye leseni, aina na idadi ya wanyama, eneo au kitalu, na tarehe. Mtu mwenye leseni inayoanza Jumatatu hana sababu nzuri ya kuwa getini na bunduki siku ya Jumamosi. Ongeza hapo kitambulisho cha taifa, kibali na stakabadhi ya ununuzi wa risasi, na barua yoyote ya ruhusa kutoka kwa mamlaka ya eneo unalokwenda. Nyaraka hizi ziwe halisi, ndani ya bahasha ya plastiki, mahali ambapo unaweza kuzifikia ukiwa umekaa kwenye kiti chako bila kuinama wala kufungua kasha la bunduki. Nakala ziache nyumbani kwa mtu unayemwamini. Picha za kwenye simu zinasaidia, lakini simu huishiwa chaji na leseni ya karatasi haiishiwi.

Nataja pia kadi ya gari, bima na leseni ya udereva, ingawa vinaonekana kuwa nje ya mada. Gari linalosimamishwa kwa sababu bima yake imekwisha ni gari litakalopekuliwa, na mazungumzo yaliyoanza kwa kosa la barabarani huwa magumu zaidi yanapofika kwenye silaha.

Aliyetajwa kwenye leseni awe ndani ya gari

Hili ndilo jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote, kwa sababu linavunjwa na watu waadilifu kabisa bila wao kujua. Leseni ya silaha hutolewa kwa mtu. Haitolewi kwa gari, familia wala kundi la marafiki wanaowinda pamoja. Bunduki ikiwa ndani ya gari ambalo mwenye leseni hayumo, basi aliyemo ndiye aliyekutwa nayo, na maelezo kwamba mwenyewe anakuja nyuma kwa gari jingine, au kwamba alitangulia kambini tangu jana, ni maelezo ya kutolewa kituoni na si pale barabarani. Kwa hiyo dereva wa kukodi asitumwe na bunduki. Kijana wa nyumbani asipewe kasha alipeleke kwa mjomba Lamadi. Magari mawili yakiondoka pamoja, kila silaha ipande gari alimo mwenye leseni yake, hata kama gari hilo ndilo lenye nafasi ndogo.

Tatizo la kivuko linatokana na hapo hapo. Katika vivuko vyetu vya ziwani, kwa mfano Kamanga au Kisorya na Rugezi kwa wanaokwenda Ukerewe, kwa kawaida abiria huteremshwa na dereva peke yake ndiye anayeingiza gari. Ikiwa dereva si mwenye leseni, basi kwa dakika hizo bunduki iko mikononi mwa mtu asiyeruhusiwa kuwa nayo, mbele ya umati. Suluhisho ni rahisi: mwenye leseni aendeshe mwenyewe kuingia na kutoka kwenye kivuko, au kabla ya kukata tiketi aeleze kwa wasimamizi na kwa polisi waliopo kwamba ana silaha iliyofungwa ndani ya gari, aombe kubaki nayo. Asilitoe kasha na kulibeba begani katikati ya akina mama wenye matenga ya dagaa. Wanaokwenda upande wa Sengerema na Geita kwa njia kuu wamepumzika na usumbufu huu tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, kwani sasa gari hupita juu ya ziwa bila mtu yeyote kushuka.

Basi la abiria silishauri. Kasha huingia buti ya pembeni pamoja na mizigo ya watu wengine, mwenyewe hukaa juu, na kila kituo kati ya Nyegezi na mwisho wa safari buti hufunguliwa na watu asiowaona. Kama huna gari, ni bora kuchangia mafuta na mwindaji mwenzako.

Kuhakikisha bunduki ni tupu

Kazi hii ifanyike nyumbani kabla ya kuondoka, irudiwe kambini kabla ya kupanda gari, na irudiwe tena kila mara bunduki inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mtutu uelekezwe mahali ambapo risasi ikitoka kwa bahati mbaya haitamdhuru mtu: ardhini penye udongo laini, si kwenye sakafu ya saruji, na kamwe si ukutani, kwa kuwa nyumba zetu nyingi za tofali haziwezi kuzuia risasi ya bunduki kubwa. Kidole kikae nje ya triga. Ondoa magazini kwanza, kisha vuta bolti hadi mwisho, tazama kwa macho ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi, halafu ingiza ncha ya kidole uguse, kwa sababu kwenye mwanga hafifu wa alfajiri macho hudanganya. Anayeondoa risasi ya chemba kabla ya magazini hujikuta amepakia nyingine wakati anafunga bolti. Mpangilio huo si wa hiari. Mtu wa pili atazame naye na aseme kwa sauti kwamba ni tupu.

Bunduki ya marisau inayokunjwa katikati ikunjwe, mitutu yote miwili itazamwe mwanga ukipita ndani, na ikiwezekana itenganishwe vipande kabla ya kuingia kwenye kasha. Bunduki ya bolti isafirishwe bolti ikiwa imetolewa kabisa na kufungwa kwenye kitambaa chake, jambo ambalo linamwonyesha askari yeyote kwa mtazamo mmoja kwamba silaha hii haiwezi kufyatua hapo ilipo.

Gobole ni gumu zaidi, kwa kuwa halina bolti ya kufungua na hakuna mtu anayeweza kuona kilichomo ndani ya mtutu. Mwenye gobole lenye leseni awe na ufito wa kushindilia wenye alama mbili: moja inayoonyesha unafika wapi mtutu ukiwa mtupu, nyingine ukiwa na baruti na gololi. Ufito ukiishia kwenye alama hiyo ya pili, gobole lina mzigo na halipandi gari. Fataki, yaani kile kidude kidogo kinachowasha baruti, iondolewe na ifungwe mbali, lakini kuondoa fataki peke yake hakulifanyi gobole kuwa tupu. Ushauri wangu ni kutolipakia baruti hata kidogo hadi mtu amefika mahali pa kuwindia, na ikiwa jioni limebaki na mzigo, mzigo huo utolewe huko huko porini, ndani ya muda na eneo la leseni.

Kasha, kufuli na nafasi ya kukaa

Kasha gumu lenye kufuli mbili ni bora kuliko mkoba wa turubai, na mkoba ni bora kuliko blanketi. Hata hivyo sponji iliyomo ndani ya makasha hufyonza unyevunyevu, na mtu aliyeishi kando ya ziwa anajua jinsi chuma kinavyoota kutu kwa wiki moja ya mvua za masika. Kwa hiyo paka mafuta membamba ya bunduki juu ya chuma, weka kitambaa kikavu kati ya silaha na sponji, na usiache silaha ndani ya kasha lililofungwa kwa siku nyingi baada ya safari.

Ndani ya gari, kasha likae nyuma ya viti, limelala, limefungwa kwa mikanda au kamba imara ili breki ya ghafla isilirushe, na lifunikwe lisionekane kupitia vioo. Katika pikapu yenye kabini mbili mahali pazuri ni sakafuni nyuma ya kiti cha mbele. Bodi ya wazi iachiwe mahema na majiko. Bunduki isiyo na kasha isiegemezwe katikati ya magoti ya abiria, isilazwe juu ya dashibodi, wala isitundikwe dirishani, hata kama picha za zamani za wawindaji zimejaa mtindo huo. Ajali ya kawaida sana katika mambo haya ni ya mtu anayesimama nje ya mlango na kuvuta bunduki kuelekea kifuani mwake kwa kushika mtutu; kasha lililolala na linalotolewa kwa mpini huondoa hatari hiyo yote.

Funguo zikae kwa mwenye leseni, mfukoni. Njia za Meatu na Bariadi zina udongo mweusi wa mbuga unaonata, na gari likikwama wote hushuka kusukuma, wapita njia hujitokeza kusaidia, milango hubaki wazi. Katika vurugu hiyo ya matope mwenye leseni abaki karibu na kasha. Wengine wasukume, na lawama za mzaha kwamba anakwepa kazi azivumilie.

Risasi

Risasi zisafiri katika sanduku lao, lenye kufuli yake, mbali na kasha la bunduki. Zikae kwenye paketi za kiwandani, ambazo kwa kawaida hubeba risasi 20 za bunduki kubwa au 25 za marisau, kwa sababu paketi inataja kaliba na hurahisisha kuhesabu. Andika idadi kwenye daftari dogo kabla ya kuondoka. Chukua kiasi kinacholingana na leseni yako ya uwindaji: mtu aliyeruhusiwa swala wawili na kukutwa na risasi mia mbili atapata kazi ya kueleza, na akieleza atakuwa anaeleza kwa haki. Usibebe risasi za kaliba ambayo huna silaha yake, hata kama ni za rafiki aliyekuomba umpelekee kambini. Risasi nazo zinahitaji leseni, na hapa kanuni ya mwenye leseni kuwepo inarudi vilevile.

Kuchanganya kaliba kuna hatari nyingine ambayo haihusiani na polisi. Risasi ya marisau ya namba 20, ambayo licha ya namba yake ni nyembamba kuliko ya namba 12, huteleza ndani ya mtutu wa namba 12 na kukwama mbele ya chemba. Mtu akidhani bunduki ni tupu, akaweka risasi ya namba 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unaweza kupasuka karibu na mkono wake wa kushoto. Viwanda vingi hutengeneza risasi za namba 20 zikiwa na ganda la njano ili zitambulike, lakini rangi haisaidii kitu ndani ya mfuko wa koti gizani. Kaliba mbili katika gari moja zikae katika masanduku mawili yenye maandishi makubwa.

Jua la mchana halitalipua risasi ndani ya gari lililoegeshwa, licha ya hofu ya wengi, ila joto la muda mrefu hudhoofisha baruti na kubadili jinsi risasi inavyokwenda. Sanduku likae kivulini, sakafuni, mbali na injini na mbali na dumu la mafuta. Baruti ya gobole ni tofauti kabisa: hushika moto kwa cheche moja, na ndani ya gari lenye baruti mtu asivute sigara.

Ramani ya kibali na ramani ya barabara

Kanda ya Ziwa imezungukwa na maeneo yaliyohifadhiwa kiasi kwamba mtu anaweza kuvuka mpaka wake kwa kufuata tu alama za barabara. Barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma hupita Magu, Lamadi na Bunda, na katika kipande kati ya Lamadi na Bunda inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambapo geti la Ndabaka liko kando kabisa ya lami. Ukiwa na bunduki, kaa kwenye barabara kuu. Usichepuke kupiga picha za nyumbu, usitafute kivuli cha kulia chakula upande wa hifadhi, na usisimame bila sababu. Wengine huvutiwa na wazo la kukata kupitia Serengeti na Ngorongoro kwenda Arusha kwa sababu ni karibu. Mwenye silaha bila ruhusa ya maandishi azunguke kwa Shinyanga, Nzega, Singida na Babati, na urefu wa njia hiyo auhesabu kuwa sehemu ya gharama ya mawindo.

Karibu na Lamadi lipo Pori la Akiba Kijereshi, na ndani yake ipo kambi ya wageni inayopendwa na wasafiri. Anayelala hapo kwa kuwa ni njiani, akiwa na bunduki garini na leseni ya Pori la Akiba Maswa mfukoni, ameingia na silaha katika pori ambalo leseni yake hailitaji. Alale mjini Lamadi. Hali ni hiyo hiyo kwa Ikorongo na Grumeti upande wa Mara: ruhusa ya pori moja haivuki kwenda pori jirani hata kama wanyama wanavuka kila siku. Upande wa magharibi wa ziwa mambo yamebadilika, na wazee waliozoea kuwinda huko wakati mwingine hawajui: mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Alipokuwa akipita mtu na leseni ya pori la akiba, sasa ni hifadhi ya taifa, na ramani ya zamani ya kitalu haina nguvu tena. Wanaosafiri kwa boti wakumbuke kwamba Rubondo na Saanane navyo ni visiwa vya hifadhi.

Kuhusu mipaka ya nchi nitasema kwa ufupi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977, na leseni ya Tanzania haina maana ukishavuka Sirari. Anayekwenda kumsalimia shemeji Migori akiwa ametoka mawindoni airudishe bunduki nyumbani kwanza.

Kwenye kizuizi

Ukisimamishwa, zima redio, teremsha kioo, washa taa ya ndani kama ni usiku, na mikono ikae juu ya usukani. Abiria nao wakae kimya na mikono yao ionekane. Usisubiri askari aligundue kasha mwenyewe, na usitumie neno bunduki kama neno la kwanza kutoka mdomoni mwako. Anza na salamu, kisha useme kwa mpangilio: “Habari za kazi, afande. Mimi ni mwindaji, nina bunduki moja yenye leseni. Imefungwa kwenye kasha nyuma, haina risasi, na risasi ziko kwenye sanduku lingine. Nyaraka zote hizi hapa.” Maneno hayo machache yanajibu maswali manne ambayo angeuliza, na yanamwonyesha kwamba hakuna kinachofichwa.

Akitaka kuiona, mwombe kwa heshima kwamba gari lisogezwe pembeni, mbali na abiria wa mabasi wanaochungulia. Usilifungue kasha hadi akuambie, na ukifungua eleza unachofanya kabla hujakifanya. Yeye ndiye alinganishe namba ya silaha na ya leseni. Wewe shika mwanga. Akiwa na shaka na kutaka mfike kituoni, nenda, kwani aliyepanga nyaraka zake vizuri hapotezi zaidi ya saa moja, na kubishana barabarani kunageuza shaka kuwa kesi. Jina la askari na kituo chake andika kwenye daftari lile lile la risasi. Fedha usitoe. Nyaraka zako zikiwa sawa huna unachonunua, na zikiwa na kasoro utakuwa umeongeza kosa la rushwa juu ya lile la kwanza.

Safiri mchana kadiri inavyowezekana. Sheria ya wanyamapori inakataza kuwinda usiku, kuwinda kwa kumulika taa na kuwinda ukiwa ndani ya gari, na gari linalokutwa saa nane za usiku kwenye njia ya vumbi kando ya pori, likiwa na bunduki nje ya kasha na kurunzi kubwa imeunganishwa kwenye betri, limeshatoa ushahidi kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Pombe isinywewe na mwenye leseni wala dereva hadi silaha imefungiwa ndani.

Kulala njiani

Nyumba nyingi za kulala wageni hazina mahali salama pa kuhifadhi silaha, na kuiacha garini usiku uani ni kumwachia mlinzi ambaye mara nyingi analinda kwa rungu tu. Nenda kituo cha polisi cha mji huo, uombe kuihifadhi kwenye ghala lao, upewe maandishi yanayotaja namba ya silaha na idadi ya risasi. Fika mapema, kabla ya giza, maana mwenye ufunguo wa ghala huenda nyumbani. Pale ambapo hili halikuwezekana, kasha liingie chumbani na mwenye leseni asitoke. Silaha ikipotea au ikiibwa, toa taarifa polisi papo hapo, kabla ya kumpigia simu ndugu yeyote, na upate namba ya taarifa. Kila saa inayopita ikiwa imeandikwa kwa jina lako ni saa ambayo inaweza kutumika kufanya uhalifu.

Safari ya kurudi

Wakati wa kurudi gari lina mzigo wa pili, yaani nyama, ngozi au pembe, na mbele ya sheria vitu hivyo ni nyara za serikali hadi nyaraka zionyeshe kwamba ni vyako. Mnyama aandikwe kwenye leseni mara tu anapoanguka, si kambini jioni wala siku ya kufunga mahema, na afisa au askari wa wanyamapori aliyefuatana nawe athibitishe. Nyama isiyo na maandishi usiibebe hata ikiwa ni paja moja ulilopewa na kambi ya jirani kwa ukarimu, kwa sababu bunduki na nyamapori isiyo na karatasi vikiwa ndani ya gari moja ni mchanganyiko ambao mwendesha mashtaka hahitaji kuuongezea chochote. Nyama ikae kwenye chombo kisichovuja, mbali na kasha, kwani damu na chumvi ya ngozi huharibu chuma haraka kuliko mvua.

Kabla ya kuondoka kambini rudia ukaguzi wa chemba ule ule, hata kama kila mtu anaapa kwamba bunduki yake ni tupu. Uchovu wa siku ya mwisho ndio wakati wa kutoaminiana. Okota maganda ya risasi zilizopigwa. Ukifika nyumbani safisha na upake mafuta siku hiyo hiyo, fungia silaha kabatini na risasi mahali pengine, kisha leseni ya uwindaji uirejeshe kwa ofisi iliyoitoa kama masharti yake yanavyoelekeza. Mwisho fungua daftari, jumlisha maganda na risasi zilizobaki, ulinganishe na idadi uliyoondoka nayo. Zisipolingana, tafuta chini ya viti, kwenye mifuko ya makoti na ndani ya mahema yaliyokunjwa, na kama hata hivyo moja haionekani, nenda kituoni ukaeleze kabla mtoto wa jirani hajaiokota.